Jinsi ya kufuatilia msukumo na mabadiliko ya mhusika katika tanzia kongwe

Macbeth ana tamaa, Othello ana wivu, Lear ana kiburi, Hamlet anasitasita. Majibu ya namna hii kuhusu wahusika wakuu wa Shakespeare hujaza karatasi za mitihani mwaka baada ya mwaka, na si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba hayaelezi kitu. Tamaa ya Macbeth ipo tangu mwanzo wa mchezo, lakini usiku wenyewe wa mauaji anaamua kuacha, na baada ya mazungumzo mafupi na mkewe anaamua kuendelea. Neno "tamaa" halituambii kwa nini alikataa, wala kwa nini kukataa kwake hakukudumu.

Njia inayoelezwa hapa inaanzia kwingine. Unakusanya maamuzi ya mhusika, moja baada ya jingine, unayapanga kwenye jedwali, kisha unaliacha jedwali likuonyeshe anataka nini na amebadilika wapi. Sifa huja mwisho, zikiwa muhtasari. Mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle aliliona jambo hili katika karne ya 4 kabla ya Kristo: kwake, mpangilio wa matendo ndio roho ya tanzia, na tabia za wahusika hufuata nyuma. Njia hii humfaa mwanafunzi anayeandika insha, mwalimu anayeandaa somo, na hata mwigizaji aliyepewa nafasi na hajui aanzie wapi.

Kabla ya kuanza

Chagua mhusika mmoja. Ukichukua wawili kwa mpigo utaanza kuwalinganisha kabla hujamjua hata mmoja wao. Tafuta nakala yenye namba za mistari, penseli, na daftari utakaloweza kuligeuza upande ili safu sita zienee.

Angalia toleo unalosoma. Uzungumzi nafsia (maneno anayosema mhusika akiwa peke yake) wa Hamlet katika Tendo la 4, Onyesho la 4, anapowatazama askari wa Fortinbras wakienda kufia kipande kidogo cha ardhi, umo katika chapa ya 1604–1605 lakini haumo katika mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare wa 1623. Wasomaji wawili wenye matoleo tofauti wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu lini Hamlet aliamua, na kila mmoja akawa sahihi kwa kitabu chake. King Lear nayo ina chapa ya 1608 na ya 1623 zinazotofautiana mahali pengi.

Kusoma kwa tafsiri si dhambi. Julius Nyerere alifasiri Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963 na akaipitia upya mwaka 1969. Samuel Mushi naye akatuletea Macbeth, na Oedipus ya Mgiriki Sophocles. Tafsiri inatosha kabisa kwa kazi ya kutafuta maamuzi. Hoja yako ikianza kutegemea neno moja tu, hapo ndipo ulinganishe na asilia au na tafsiri nyingine.

Tenga muda wa kutosha. Macbeth ina mistari 2,100 hivi na husomeka kwa sauti kwa takriban saa mbili na nusu. Oedipus inazidi kidogo 1,500. Hamlet inakaribia 4,000, kwa hiyo igawe siku mbili.

Hatua ya 1: soma mara moja, weka alama kwenye maamuzi tu

Uamuzi ni pale mhusika anapokuwa na angalau njia mbili, akashika moja, na baada ya hapo mambo hayawi kama yalivyokuwa. Baba ya Hamlet kufa ni tukio. Hamlet kumkuta Claudius, muuaji wa baba yake, akisali na kuurudisha upanga alani ni uamuzi. Kutotenda ni uamuzi pia, na wengi huupitia bila kuuona kwa sababu hakuna damu iliyomwagika.

Mhusika mkuu wa tanzia ya Kigiriki kwa kawaida hukupa maamuzi manne hadi saba. Wa Shakespeare hukupa manane hadi kumi na mawili. Ukipata ishirini na tano, umehesabu matukio. Ukipata mawili, huenda unatafuta vifo peke yake.

Kwa Oedipus, tahadhari moja. Kumwua baba yake Laius penye njia panda na kumwoa mama yake Jocasta kumeshapita miaka mingi kabla mchezo haujaanza. Ndani ya mchezo wenyewe Oedipus hafanyi lolote kati ya hayo. Maamuzi yake jukwaani karibu yote ni ya upelelezi: kumtuma Creon kwa Apollo kabla raia hawajamwomba, kutangaza laana juu ya muuaji, kumlazimisha mtabiri Tiresias aseme, kumtishia Creon, kumwita mchungaji, kukataa ombi la Jocasta la kuacha kuuliza. Anayeandika kwamba "Oedipus aliadhibiwa kwa kumwua baba yake" amesoma hadithi ya Oedipus, lakini bado hajasoma tamthilia ya Sophocles.

Hatua ya 2: jaza jedwali

Safu sita, na kila uamuzi una mstari wake:

1. Mahali: tendo, onyesho, namba ya mstari.
2. Anachotaka kwa wakati huo, kikielezwa kwa kitenzi: kulinda, kulipiza, kuficha, kusifiwa.
3. Anachojua, na asichojua ilhali hadhira inakijua.
4. Nani au nini kimemsukuma dakika hiyo.
5. Sababu anayoitoa kwa mdomo wake, na anamtolea nani.
6. Kisichoweza kurudi nyuma baada ya hapo.

Safu ya tano ndiyo inayozaa matunda zaidi na ndiyo inayorukwa zaidi. Tumchukue Macbeth katika Tendo la 1, Onyesho la 7. Akiwa peke yake anataja sababu nzito za kutomwua Duncan: ni ndugu yake, ni mfalme wake, ni mgeni aliyelala nyumbani kwake, tena ni mtawala mwema. Anakiri kwamba hana cha kumchochea ila tamaa inayoruka na kuangukia upande wa pili. Mkewe anaingia. Macbeth anamwambia hawataendelea na jambo hili. Tazama sasa sababu anayompa: mfalme amempa heshima juzijuzi, na watu wanamsifu, kwa hiyo afadhali afaidi sifa hizo zikiwa bado mpya.

Udugu umekwenda wapi? Ugeni? Wema wa Duncan? Hakuna hata kimoja alichokitamka mbele ya mkewe. Ameingia kwenye mabishano na hoja yake iliyo dhaifu kuliko zote, na Lady Macbeth anaibomoa kwa pigo moja: kama ni sifa unazojali, basi wewe si mwanamume. Baada ya hapo swali pekee analobaki nalo Macbeth ni, je, tukishindwa? Suala la haki na batili limeshatoka chumbani, limebaki suala la mbinu. Mkewe ana mbinu: walinzi walevye, hatia wabebeshwe wao.

Uchunguzi huo wote umetoka katika mstari mmoja wa jedwali, na huwezi kuupata kwa kuandika "alishawishiwa na mkewe".

Endelea na mistari iliyobaki ya Macbeth kwa ufupi zaidi, halafu soma kila safu kutoka juu kwenda chini. Duncan anauawa baada ya majadiliano marefu. Walinzi wawili wanauawa asubuhi yake, bila kumshauri mtu. Hilo halikuwamo kwenye mpango. Rafiki yake Banquo anauawa kwa mikono ya watu wa kukodi, na safari hii Macbeth anamwambia mkewe abaki bila kujua mpaka atakapolishangilia tendo likiisha kufanyika. Mke wa Macduff na watoto wake wanauawa ilhali Macduff mwenyewe ameshatorokea Uingereza, yaani hakuna faida yoyote ya kiutawala. Safu ya pili imehama kutoka "kupata" hadi "kulinda" hadi "kuumiza". Safu ya nne inazidi kuwa tupu: washauri wanapungua mpaka anabaki na wachawi peke yao. Nafasi kati ya wazo na tendo nayo inafupika, na yeye mwenyewe analisema hilo katika Tendo la 4, Onyesho la 1: tangu sasa kitakachozaliwa kwanza moyoni ndicho kitakachozaliwa kwanza mkononi.

Ukimfanyia Lady Macbeth jedwali lake baadaye, utaona mistari yao miwili inapishana. Yeye anaanza kwa kuita pepo wamwondolee huruma, anasema maji kidogo yatawasafisha, na katika Tendo la 5, Onyesho la 1, anatembea usingizini akisugua mkono usiotakata.

Hatua ya 3: tenga sababu inayosemwa na sababu inayotenda

Hapa ndipo kazi ilipo ngumu, kwa hiyo usiharakishe. Wahusika wa tanzia hujieleza mno, na maelezo yao ni ushahidi wa kupimwa kama ushahidi mwingine wowote. Tumia vipimo vitatu.

Cha kwanza: anamwambia nani? Iago ana sababu nyingi za kumchukia Othello. Katika Tendo la 1, Onyesho la 1, anamwambia Roderigo kwamba alinyimwa cheo, akapewa Cassio. Kumbuka Roderigo ndiye mfuko wake wa fedha; anamhitaji aamini kwamba wana adui mmoja. Akiwa peke yake mwishoni mwa Onyesho la 3, anataja uvumi kwamba Othello amelala na Emilia, mke wa Iago, na anaongeza kwamba hajui kama ni kweli ila atauchukulia kama ni kweli. Katika Tendo la 2 anamshuku Cassio kwa jambo lilelile. Katika Tendo la 5 anasema Cassio ana uzuri katika maisha yake ya kila siku unaomfanya yeye aonekane mbaya. Mshairi na mhakiki wa Kiingereza Samuel Taylor Coleridge aliyaita haya uwindaji wa sababu wa uovu usio na sababu. Si lazima umkubalie. Kosa la kuepuka ni kuokota sababu moja na kuifanya ndiyo yenyewe. Andika zote nne na msikilizaji wa kila moja, kisha uulize kwa nini zinabadilika. Mtu mwenye sababu moja ya kweli hahitaji nyingine tatu.

Cha pili: mpangilio wa hoja. Katika Julius Caesar, Tendo la 2, Onyesho la 1, Brutus yuko peke yake bustanini. Sentensi yake ya kwanza juu ya jambo hilo ni kwamba ni lazima Caesar afe. Ndipo anaanza kutafuta kwa nini. Anakiri hana kinyongo chake binafsi, na anakiri pia kwamba hajamwona Caesar akitawaliwa na hisia kuliko akili. Hoja inayobaki ni ya huenda: akivikwa taji huenda akabadilika, kwa hiyo afikiriwe kama yai la nyoka, avunjwe kabla hajaanguliwa. Hukumu imetangulia, ushahidi umefuata, na ushahidi wenyewe ni wa mambo yasiyotokea. Mtu mwaminifu anajidanganya mbele yetu kwa lugha safi kabisa.

Cha tatu: jaribio la kuondoa. Futa sababu fulani akilini, kisha uulize kama tendo lingebaki. Ondoa utabiri wa wachawi: je, Macbeth angeua? Huenda asingeua. Lakini wachawi hawakumwambia aue. Walimwambia atakuwa mfalme. Banquo aliyasikia yaleyale siku ileile na hakumwua mtu. Kwa hiyo utabiri uliufungua mlango, na aliyepita ni yeye. Jaribio hili huziba pia tundu la "ilikuwa majaliwa yake", jibu ambalo humaliza mjadala bila kueleza chochote.

Hatua ya 4: litafute kosa, usitafute kasoro

Neno la Kigiriki alilotumia Aristotle, hamatia, linahusiana na kukosa shabaha, kama mshale unaopita pembeni. Vitabu vingi vya shule vimeligeuza kuwa "udhaifu wa tabia", na hapo wanafunzi huanza kumsaka kila mhusika dhambi yake. Matokeo yake ni Antigone "mkaidi" na Oedipus "mwenye hasira", kana kwamba wangekuwa wapole wangeishi raha mustarehe.

Kipimo kinachofaa ni hiki: ile sifa unayodhani ndiyo iliyomwangusha, tafuta mahali pengine ambapo ilimsaidia yeye au watu wake. Usipopaona, sifa hiyo pengine si yenyewe. Oedipus hawezi kuliacha fumbo bila jibu. Kwa tabia hiyo alilishinda Sphinx, zimwi lililotega fumbo, na kuiokoa Thebes. Kwa tabia hiyohiyo anamlazimisha mchungaji wa zamani atamke neno la mwisho. Brutus huwapima watu wote kwa uadilifu wake mwenyewe. Ndiyo maana walanjama wanamtaka, na ndiyo maana anamkatalia Cassius mara tatu: anakataa Antony auawe pamoja na Caesar, anamruhusu Antony ahutubie mazishini, na anaamuru jeshi liende Philippi. Kila mara Cassius, aliye mdogo kwa heshima, ndiye mwenye hesabu sahihi.

Wakati mwingine kosa ni dogo kiasi cha kupita bila kuonekana. Katika Antigone, mfalme Creon amemfungia Antigone pangoni kwa kumzika nduguye Polynices. Anapovunjika moyo baada ya maneno ya Tiresias, korasi (kundi la wazee linalotoa maoni jukwaani) inamshauri wazi: mtoe kwanza binti pangoni, kisha mzike maiti. Mjumbe anapokuja kusimulia, tunasikia kwamba walianza na maiti. Waliuosha mwili wa Polynices, wakauchoma, wakamjengea kaburi, ndipo wakaelekea pangoni, na Antigone alikuwa ameshajinyonga. Creon amebadili uamuzi wake lakini hajabadili mpangilio wa mambo kichwani mwake: mfu bado yuko mbele ya aliye hai. Uamuzi wa namna hii unastahili mstari wake kwenye jedwali.

Hatua ya 5: amua ni mabadiliko ya aina gani

Usidhani kila mhusika mkuu lazima akue. Yapo mabadiliko yanayofungua macho, kama ya Creon na Lear. Yapo ya kuoza, kama ya Macbeth. Wapo wanaokomaa haraka kwa kubanwa: Juliet hajatimiza miaka 14, na kati ya Jumapili na Alhamisi anatoka kwa binti anayesema ndoa ni heshima ambayo hajawahi kuiota, hadi kwa mwanamke anayemtupa mlezi wake moyoni na kubaki na siri yake peke yake. Na wapo wasiobadilika kabisa. Mchezo unawafunua tu. Medea wa Euripides, aliyeonyeshwa mwaka 431 kabla ya Kristo, anayumba mara kadhaa kabla ya kuwaua wanawe, anaahirisha, anarudi, na mwishowe anasema anaujua vizuri ubaya anaokwenda kuutenda ila hasira yake imezishinda fikra zake. Huko kuyumba si kukua. Anayejua tangu mwanzo hana cha kutambua mwishoni, na ndiyo sababu tamthilia hiyo inakosesha raha hata leo.

Ili kuthibitisha kwamba mhusika amekua, usitegemee machozi. Tafuta kipimo anachotumia kupimia mambo, uone kama kimebadilika. Lear ndiye mfano bora ninaoujua. Katika onyesho la kwanza anapima upendo kwa maneno: binti atakayejieleza vizuri zaidi atapata ardhi kubwa zaidi. Katika Tendo la 2, Onyesho la 4, binti wawili wanampunguzia askari wa msafara wake. Walikuwa 100. Goneril ametaka wawe 50, Regan anataka 25. Lear anamgeukia Goneril na kusema atakwenda naye, kwa maana 50 ni mara mbili ya 25, basi na upendo wake ni mara mbili. Ameumizwa na kudhalilishwa, lakini mizani ni ileile: upendo bado una idadi. Binti wanaendelea kushuka, kumi, watano, hata mmoja wa nini?

Mizani inavunjika baadaye, katika dhoruba ya Tendo la 3. Kabla ya kuingia kibandani Lear anawakumbuka maskini walio uchi popote walipo, na anasema alilijali jambo hili kidogo mno alipokuwa mfalme. Kwa mara ya kwanza anajilaumu kwa kitu kisichomhusu yeye na binti zake. Katika Tendo la 4, Onyesho la 7, anamwambia Cordelia kwamba yeye ni mzee mpumbavu aliyepita miaka themanini, na kwamba Cordelia ana sababu ya kumchukia. Cordelia anajibu kwa neno linalokataa hesabu yote: hana sababu yoyote. Ukiziweka nukta hizo tatu pamoja, una uthibitisho wa ukuaji usioweza kupingwa kirahisi.

Hatua ya 6: pima umbali kati ya mgeuko na utambuzi

Mgeuko ni pale bahati ya mhusika inapopinduka. Utambuzi ni pale anapojua. Weka alama zote mbili, kisha uhesabu mistari katikati. Aristotle aliisifu Oedipus kwa sababu mambo hayo mawili hutokea pamoja. Mjumbe wa Corinth anakuja kumwondolea hofu, na kwa habari hiyohiyo anamfunulia asili yake.

Andika pia nani anajua kwanza. Katika Oedipus mfuatano ni hadhira, Tiresias, Jocasta, kisha Oedipus. Jocasta anaelewa mbele ya macho yetu wakati mumewe bado anauliza maswali, na kila neno lake la kumsihi aache lina maana mbili. Mwigizaji asiyejua ni mstari upi hasa anaoelewa atauigiza ukurasa mzima kama wasiwasi wa jumla.

Umbali mrefu hutoa tanzia ya aina nyingine. Macbeth anajua alichopoteza tangu asubuhi ya kifo cha Duncan, na anaishi na ujuzi huo kwa matendo matatu. Othello yeye hajui kitu mpaka Emilia anaposema ukweli, na Desdemona, mke wa Othello, ameshakufa.

Hatua ya 7: tafuta ushahidi katika lugha

Waigizaji wa Kigiriki walivaa barakoa, kwa hiyo uso haungeweza kuonyesha mabadiliko. Yote yalisikika. Angalia hotuba ndefu zinapokatika na kuwa majibizano ya mstari mmoja mmoja. Mara nyingi hapo ndipo mtu anapobanwa aamue.

Kwa Shakespeare angalia ushairi unapogeuka nathari. Othello, msemaji fasaha kuliko wote mbele ya baraza la Venice, anavunjikavunjika kwa nathari katika Tendo la 4 kabla ya kuanguka na kuzimia. Lady Macbeth naye anazungumza kwa nathari usingizini. Angalia pia nani anaanza kutumia picha za nani. Katika Tendo la 3, Onyesho la 3, Iago anataja mbuzi na nyani anapochora usaliti wa kubuni. Onyesho moja kubwa baadaye, Othello anatoka jukwaani akipiga kelele: mbuzi na nyani! Sumu imehamia ulimini. Mfano huu mmoja una uzito kuliko kurasa mbili za maelezo kuhusu wivu.

Ukimya nao uhesabu. Hamlet aliyetufungulia moyo mara kwa mara hana uzungumzi nafsia wowote katika Tendo la 5. Anachosema kuhusu kuwa tayari anamwambia Horatio. Iago, aliyesema na hadhira mchezo mzima, anaulizwa kwa nini alitenda hayo, na anaapa kutosema neno tena.

Kuigeuza kazi kuwa insha au uigizaji

Kwa insha, chagua mistari mitatu tu ya jedwali: uamuzi wa kwanza, ule ambao baada yake hakuna kurudi, na wa mwisho. Kila mmoja upe aya moja yenye mambo haya kwa mfuatano unaoupenda: hali ilivyokuwa, njia zilizokuwapo, njia aliyoshika, sababu aliyosema, na sababu inayoonekana kwa matendo yake. Nukuu ziwe fupi, maneno matano hadi kumi, zikiwa ndani ya sentensi yako. Aya inayoanza kwa "Macbeth ni mtu ambaye" ifute uanze upya. Ianze kwa kitenzi cha alichofanya. Ukibakiwa na maamuzi mengine mazuri usiyaingize kwa nguvu, kwa sababu insha ya maamuzi tisa hugeuka kuwa usimulizi wa hadithi.

Kwa mwigizaji, safu ya pili ndiyo kazi ya kila zoezi. Iandike kwa penseli pembeni mwa maneno yako, kitenzi kimoja kwa kila kipande. Safu ya sita isahau kabisa ukiwa jukwaani. Mhusika hajui bado kwamba hakuna kurudi, na mwigizaji anayetembea na msiba usoni tangu onyesho la kwanza huwa amewanyima watazamaji ile nafasi ya kutumaini kwamba, safari hii, Creon atakwenda pangoni kwanza.